Picha za Majumba katika Albamu ya Jamaa Moja

Kitabu kikitoka katika mtambo wa chapa watu hukisoma na kukipima, na mwalimu akiulizwa husema, Hiki ni chema, hiki kina kasoro. Albamu ya picha haipati hukumu hiyo. Huletwa mezani mgeni anapongojea chai, hufunguliwa, husifiwa, hufungwa. Mgeni husema, "Mlipendeza sana," na pengine hakuona kitu. Mimi naona albamu nayo ni kitabu. Ina mtungaji wake, ina mambo aliyoyachagua na mambo aliyoyaacha, na kwa hiyo yafaa isomwe kwa macho yale yale tusomeayo vitabu vingine.

Ile ninayotaka kuieleza ni ya jamaa moja ya hapa Kilimanjaro, ambayo watu wake wa vizazi vitatu walikwenda kusoma vyuo vya juu. Babu alikuwa Makerere, kule Kampala, tangu mwaka 1944 hata 1946. Binti yake alikuwa Dar es Salaam, Mlimani, mwanzo wa miaka ya 1970. Mjukuu naye akarudi Makerere mwaka 2005, akakaa huko miaka mitatu. Babu amekwisha kufariki. Warithi wake wataka kuchagua picha 30 katika picha 64 zilizomo, wazichapishe kitabu kidogo cha kugawiwa ukoo mzima watakapokutana mwezi wa Desemba. Nao wakaniomba shauri juu ya uchaguzi wao. Shauri nalilitoa kwa mdomo, wala halikupendeza masikioni mwa wote. Wamenipa ruhusa kuliandika, kwa sharti nisitaje jina la ukoo.

Kwanza niseme juu ya wingi wa majumba. Katika picha 64, picha 41 ni za majumba, na katika hizo jumba moja limerudiwa mara 12 kwa mkono wa babu peke yake. Ndilo Jumba Kuu la Makerere, lile jeupe lenye mnara wa saa na vigae vyekundu, ambalo ujenzi wake ulimalizika mwaka 1941. Babu alilikuta lingali jipya, akalipenda kama mtu apendavyo ng'ombe wake wa kwanza. Alilipiga picha asubuhi, alilipiga jioni, alilipiga mvua ilipokwisha kunyesha na majani yangali yanametameta. Lakini mara zote 12 alisimama karibu mahali pale pale, mbele, katikati, mbali kiasi cha mnara usikatwe. Hakuzunguka nyuma hata mara moja. Ukizitandika picha hizo mezani kwa safu utaona kwamba ni picha moja tu.

Msomaji asimcheke. Kamera za siku zile zilikuwa za sanduku, kama zile Brownie za Kodak, na filamu moja ilitoa picha 8 tu. Zikiisha, ni kununua nyingine na kulipa tena kusafisha. Kijana aliyetumia filamu moja na nusu kwa ukuta mmoja alikuwa na sababu. Tanganyika haikuwa na chuo cha namna hiyo wakati ule. Aliyetaka masomo yaliyopita sekondari alitoka kwao akaenda Uganda, na wazazi waliouza kahawa ili apate nauli walibaki nyumbani wasijue aendako pakoje. Picha ya mbele ya jumba ilikuwa kama stakabadhi. Iliwaambia: Fedha yenu imefika hapa, tazameni mnara, hesabuni madirisha. Na nimeambiwa kwamba mama yake alizihesabu kweli.

Lakini warithi si wazazi wale, na stakabadhi ile imekwisha kufanya kazi yake. Katika picha 30 walizochagua, 9 ni za uso wa Jumba Kuu. Nikawaambia mbili zatosha: ile ya kwanza kabisa, ambayo mkono wa babu ulitetemeka kidogo na mnara umelala upande, na ile ya mvua. Hizo 7 nyingine zarudia neno lililokwisha kusemwa, nazo zanyima nafasi picha zenye habari.

Kuna na kosa la maneno. Chini ya picha ya kwanza wameandika, "Babu akiwa Chuo Kikuu, 1944." Si sahihi, na kitabu cha ukoo husomwa na watoto wasio na njia ya kusahihisha. Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi, na wanafunzi 14 waliojifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Ikakua, ikaongezewa masomo ya uganga, kilimo na ualimu, lakini mwaka 1944 ilikuwa ingali chuo cha juu kisichotoa digrii. Mwaka 1949 ndipo ilipofanywa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 iliungana na Nairobi na Dar es Salaam kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kila kimoja kikasimama peke yake. Wakiandika tu, "Babu akiwa Makerere," hawapungukiwi na heshima yoyote. Babu mwenyewe ndivyo alivyoandika nyuma ya picha: "Makerere." Hakuongeza kitu.

Sasa nitaje jambo lililonishangaza nilipoisoma albamu hii mara ya pili. Miaka ile ile ambayo babu alikuwa akisimama mbele ya mnara na kamera yake, alikuwako Makerere kijana mwingine wa Kilimanjaro, Sam Ntiro, aliyefundishwa kuchora na Bibi Margaret Trowell, yule aliyeanzisha masomo ya sanaa chuoni pale. Ntiro alikaa katika kilima kile kile, akapita chini ya mnara ule ule, lakini alipochukua brashi alichora nyumbani: watu wakilima pamoja, wakikata kuni, wakivuna. Picha yake ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, imehifadhiwa New York, katika nyumba kubwa ya makumbusho ya sanaa za kisasa. Mwenye brashi aliwageukia watu; mwenye kamera aligeukia ukuta. Simlaumu babu kwa kuwa hakuwa Ntiro. Nasema tu kwamba hata siku zile palikuwa na njia nyingine ya kutazama, tena si ya Wazungu peke yao, na babu mwenyewe aliijua, kama nitakavyoonyesha.

Maana albamu hii ina picha nyingine, kama 10 hivi, ambazo warithi wameziweka kando kwa kuwa, wasema, hazikutoka vizuri. Hizo ndizo zilizonifanya nikae na albamu usiku mbili.

Moja ni ya ukuta unaojengwa. Haionyeshi jumba gani, wala haiwezekani kujua, kwa sababu ukuta umefika kiunoni tu. Waashi watatu wamesimama juu ya majukwaa ya miti, mmoja amegeuka ghafula, uso wake umekuwa ukungu. Kivuli cha mpiga picha kimeanguka juu ya matofali. Kwa sheria za wapiga picha makosa ni mengi. Lakini geuza nyuma, usome penseli ya babu: "Mafundi wa ukuta. Yule mrefu alinipa muhogo." Mimi nimesoma habari nyingi za Makerere, nikakuta majina ya magavana, ya wakuu wa chuo, na ya wakuu wa serikali waliosomeshwa pale. Habari za mtu mrefu aliyempa mwanafunzi muhogo sikuzikuta mahali. Na chuo kile kilianza na wanafunzi waliojifunza kujenga! Ingekuwa ajabu kitabu kinachosifu majumba kisiwe na mwashi hata mmoja, hali picha ya waashi imo mkononi.

Nyingine ni ya nyuma ya mabweni. Kamba za nguo, mashati meupe, moshi wa jiko, na sufuria kubwa imeinamishwa ikauke. Ni picha ya jumba, lakini jumba lililovuliwa joho. Nyuma imeandikwa, "Jumamosi. Mimi ni wa shati la tatu." Binti yake, ambaye sasa ana zaidi ya miaka 70, alipoisoma alicheka hata akatoa machozi, kwa maana baba yake alikuwa mwalimu mkali, hakuna mtoto aliyemwona akifua.

Ya tatu yahusu wanawake. Wanafunzi wanawake wa kwanza, 6 kwa hesabu, waliingia Makerere mwaka 1945, na kwa ajili yao chuo kikabadili maneno ya ngao yake. Zamani yalisema, kwa Kiingereza, "Tuwe wanaume", yakawa, "Twajenga kwa ajili ya siku zijazo." Babu alipiga picha nyumba waliyokaa, kutoka mbali sana, hata nyumba yaonekana ndogo kama kiberiti katikati ya miti. Warithi waliitupa kwa kuwa haionyeshi kitu. Nyuma yake: "Nyumba ya dada zetu. Hairuhusiwi kukaribia." Basi umbali ule ndio habari yenyewe. Angeipiga karibu, tungepata madirisha. Kwa kuipiga mbali ametupatia sheria ya chuo na hali ya vijana wa miaka ile. Mjukuu aliniuliza kama ni heshima kuchapisha maneno hayo katika kitabu cha ukoo wa Kikristo. Nikamjibu kwamba siioni aibu iliyopo.

Lakini picha niliyoipigania zaidi ni moja isiyo na jumba kabisa. Yaonyesha mteremko wa kilima, migomba, nyumba mbili za nyasi na njia ya miguu. Mwana wa kwanza aliishika kwa ncha ya vidole, akasema, "Mwalimu, hii haina kitu. Hata chuo hakionekani." Nikaigeuza. Nyuma imeandikwa, "Hapa patajengwa, wasema. Wenyewe bado wamo. Sept. 1945."

Wasomaji wengi wa gazeti hili huenda hawajui mwezi huo ulikuwa mwezi gani katika Buganda. Makerere ilitaka ardhi zaidi ili ipate kupanuka, na ardhi ilikuwa ya watu. Wenye mashamba na wakuu wengi waliogopa kwamba sheria ikipita, serikali ya Kiingereza itapata mlango wa kuchukua ardhi yoyote iitakayo. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Jirani zao wa Kenya walikuwa mfano mbele ya macho yao. Katikiro, yaani waziri mkuu wa Kabaka, alikuwa Martin Luther Nsibirwa, Mkristo, mtu aliyekwisha kukaa katika cheo hicho tangu 1929 hata 1941 na kurudishwa tena mwaka 1945. Yeye aliona chuo ni faida ya watoto wa nchi nzima, akaipitisha sheria katika baraza la Lukiiko tarehe 4 Septemba 1945. Kesho yake asubuhi alikwenda kusali katika kanisa kuu la Namirembe. Akapigwa risasi mlangoni pa kanisa, akafa.

Baadaye bweni moja la Makerere lililoitwa Northcote lilibadilishwa jina, likaitwa Nsibirwa, na ndivyo liitwavyo mpaka leo. Wanafunzi huimba jina hilo katika michezo; ni wangapi wajuao habari zake, siwezi kusema. Babu hakuandika juu ya mauaji. Labda aliogopa, labda aliona si kazi yake. Lakini mwezi ule ule alichukua kamera ya picha 8 akaiacha ile minara na madirisha, akatelemka mteremkoni, akaitumia picha moja nzima kwa migomba na nyumba mbili za nyasi. Na akaandika maneno matatu ambayo ni mazito kuliko picha zake 12 za Jumba Kuu: "Wenyewe bado wamo." Neno hilo halimlaumu Katikiro, wala haliwasifu waliompinga. Laonyesha tu kwamba kijana aliyekuwa akila matunda ya chuo alijua ya kuwa chuo kinakaa juu ya shamba la mtu. Picha hiyo ikiachwa nje ya kitabu, wajukuu watapata mnara usio na ardhi chini yake.

Na niseme waziwazi juu ya picha nyingine ambayo warithi wameipa ukurasa mzima. Ni ya vijana zaidi ya 20 mbele ya ngazi, na mmoja wa nyuma, ambaye uso wake ni mdogo kama punje ya mtama, wasema ni Julius Nyerere. Kweli Nyerere alikuwa Makerere tangu 1943 hata 1945, akisomea ualimu, na yawezekana kabisa walikutana. Lakini nyuma ya picha hakuna jina lake, na babu hakulitaja kwa mtoto yeyote. Aliyelitaja kwanza ni jirani mmoja, siku ya matanga. Neno la jirani wa matangani si ushahidi. Kama wapenda, waiweke picha, ila waandike, "Wanafunzi mbele ya ngazi," nao wasimwongezee Baba wa Taifa uso asioujua.

Picha za binti, za Dar es Salaam, sitakaa nazo sana. Chuo kile kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964, naye alikikuta kimekwisha enea. Picha zake ni za rangi, na rangi za miaka ile hazikukaa: buluu imekufa, kijani imefifia, nyekundu imetawala, hata Mlimani waonekana kama unaungua. Ameupiga sana ukumbi wa Nkrumah, wenye paa la mikunjo. Msomaji ataufahamu hata kama hakufika Dar es Salaam, kwa sababu picha yake ilikuwa nyuma ya noti ya shilingi 500 iliyotolewa mwaka 2010. Noti hiyo ilipita katika kila mkono, sokoni, basini, na katika vikapu vya sadaka, mpaka Benki Kuu ilipoiondoa katika matumizi mwaka 2025. Nimewauliza watu wazima 7 wa usharika wetu, Je, mlijua lile ni jumba gani? Mmoja alijua. Ndivyo inavyokuwa picha ya jumba isiyo na neno: yaweza kukaa mfukoni mwa mtu miaka 15 isimwambie kitu.

Ya mjukuu ni mengine. Yeye alikuwa na kamera isiyohitaji filamu, angaliweza kupiga picha elfu, naye akaenda akasimama pale pale aliposimama babu, mbele, katikati, mbali kidogo. Hakuwahi kuziona picha za babu kabla ya hapo, nimemwuliza. Hata picha ya mahafali, pale Uwanja wa Uhuru mbele ya Jumba Kuu, mnara waonekana wote na mama yake amekatwa bega. Yaonekana jumba lile lina namna yake ya kuwapanga watu.

Kisha likaungua. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 20 Septemba 2020, moto ulishika Jumba Kuu la Makerere. Paa lilianguka, orofa za juu ziliteketea, na moto ukaingia katika ofisi za fedha na za kumbukumbu. Asubuhi ile watu waliosoma pale, waliotawanyika katika nchi nyingi, walifungua masanduku na simu zao wakatumiana picha za zamani za mnara, wengine wakilia. Mjukuu huyu naye alizitoa za babu, na huo ndio mwanzo wa kitabu kinachotengenezwa sasa. Serikali ya Uganda ilitoa fedha, jumba likajengwa upya kwa sura ile ile ya kwanza, likafunguliwa tena mwezi wa Oktoba 2024. Aliyeliona mwaka 1941 akiliona leo kwa mbali hatajua kwamba lilipata kuungua.

Jambo hili lapasa kubadili hukumu yetu juu ya albamu. Uso wa jumba uliweza kurudi, maana uso ule ulikuwa umepigwa picha na maelfu ya watu. Hata picha zote za jamaa hii zingepotea, mnara ungesimama tena. Lakini mtu mrefu wa muhogo hakupigwa na mwingine. Shati la tatu halimo katika chumba chochote cha kumbukumbu. Mteremko ule wa migomba sasa umejengwa, na picha hii moja ndiyo njia ya miguu iliyobaki. Warithi walichagua picha zile ambazo dunia inazo kwa wingi, wakaziacha zile walizo nazo wao peke yao.

Na kuna hatari iliyo karibu kuliko moto. Mjukuu amekwisha kuzinakili picha zote katika simu yake, kazi nzuri, lakini amenakili nyuso tu. Mgongo hakuupiga hata mmoja. Amewatumia jamaa wa Arusha, wa Nairobi na wa Kanada, nao wote sasa wanayo picha ya waashi watatu wasio na muhogo. Zaidi ya hayo, kwa kuwa picha halisi zina kingo zilizoliwa na wadudu, mtu mmoja katika ukoo ametoa wazo zitupwe, maana nakala zimo. Hapo nalisema kwa sauti ya darasani, na kama ilikuwa kali, wanisamehe. Kila picha inakiliwe pande mbili, hata ule mgongo wenye neno moja, "Makerere." Zile halisi zitiwe katika bahasha za karatasi, zikae penye ukavu, mbali na jua na mbali na paa la bati. Anayetaka kuongeza jina aliandike kwa penseli laini, ukingoni, kwa mkono mwepesi. Wino wa kalamu hupenya mpaka upande wa nyuso. Na zile za binti, zilizobanwa katika kurasa za gundi chini ya nailoni, zisivutwe kwa nguvu. Uzi mwembamba upitishwe chini yake polepole, kama mtu akatavyo ugali kwa uzi.

Mwana wa kwanza amekubali picha ya waashi na ya kamba ya nguo. Juu ya ile ya migomba bado anasitasita. Asema watu wa ukoo watauliza kwa nini kitabu cha chuo kina shamba. Nimemwandikia mistari minne ya kuweka chini yake, yenye jina la Nsibirwa na tarehe. Hajanijibu.

Imebaki picha moja, ya vijana watatu wameketi juu ya ngazi za jumba nisilolitambua, viatu vimevuliwa. Babu yupo kushoto. Wa katikati jina lake limeandikwa. Wa tatu, babu aliandika tu, "Yule wa Bukoba." Binti asema alimwona mtu huyo mara moja, alipokuja nyumbani na gunia la senene, naye alikuwa mtoto mdogo, analikumbuka gunia, anakumbuka sauti yake, na jina anasema liko karibu na ulimi. Nimemwomba mjukuu aende akae naye Jumapili baada ya ibada, achukue albamu na penseli.